Kijana wa Songwe: Jinsi Nilivyojiandaa Kuigiza Vita vya 1914

Mhariri ameniomba nieleze mchezo wa nyimbo na ngoma tulioucheza mwaka 1996, nilipokuwa kidato cha tatu. Nilipewa nafasi ya kijana wa Kinyakyusa, wa miaka kumi na minane hivi, anayewaongoza askari wa Kijerumani kuvuka mto Songwe kwenda kupigana Karonga. Kijana huyo alibuniwa na mwalimu wetu. Vita havikubuniwa.

Mpaka wa Songwe uliwekwa kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Wenyeji wa kingo zote mbili hawakuulizwa. Wanyakyusa na Wangonde husikilizana lugha, wameoana tangu zamani, na masimulizi ya koo zao za kitawala yanataja asili moja, milima ya Ukinga. Tena mto wenyewe si wa kutegemewa. Huku chini tambarare hubadili njia wakati wa mafuriko, mtu akaamka na kukuta shamba lake liko ng'ambo.

Vita vilipoanza Ulaya, habari ziliwafikia Waingereza kwanza. Tarehe 13 Agosti 1914 meli yao Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann huko Liuli, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Berndt, aliyezoea kunywa pamoja na Rhoades, hakuwa na habari kwamba kuna vita. Sehemu hiyo watazamaji waliicheka sana. Tarehe 9 Septemba hapakuwa na cha kuchekesha: jeshi la Wajerumani lililotoka Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu, lilipambana na Waingereza Karonga, likarudishwa nyuma kwa hasara kubwa.

Mwalimu alitaka nilie jukwaani. Mimi sikuona kilio hicho kinatoka wapi. Wakati wa likizo nilimwendea bibi mmoja wa kijijini kwetu, ambaye baba yake alikuwa mpagazi katika vita hivyo. Nilitegemea kusikia habari za mizinga. Yeye alinieleza uzito wa mzigo, njaa, na jinsi wapagazi walivyoikata migomba ya watu ili wale. "Migomba ya shemeji zake," alisema, kisha akanyamaza.

Hapo ndipo nilipomwelewa kijana wangu. Alipajua pa kuvukia kwa sababu ng'ambo alikuwa na mjomba, na njia hiyo aliizoea kwa kwenda kusalimu, kuzika na kupeleka ng'ombe wa mahari. Wajerumani hawakuhitaji nguvu zake, kwani wenye nguvu walikuwa wengi. Walihitaji kile alichofundishwa na undugu. Akikataa, hamsa ishirini za kiboko au zaidi. Akikubali, jeshi linaingia uani kwa mjomba. Kwa upande wa Nyasaland, John Chilembwe aliandika barua gazetini mwezi Novemba 1914 akipinga Waafrika kufa katika vita visivyo vyao, na Januari 1915 akaanzisha uasi. Lakini Chilembwe alikuwa na kalamu na kanisa. Wa kwangu alikuwa na fimbo ya kupimia maji.

Basi nilimwomba Mwalimu aniondolee kilio. Nikajizoeza kupima maji polepole kama mgeni, mguu ukisita mahali ambapo ungepita hata usiku, huku waimbaji wakiimba salamu ya mjomba. Mwalimu alikubali.

Tulibishana zaidi juu ya mganda. Mwenzetu wa Mbamba Bay alitufundisha kuucheza, na Mwalimu alitaka tuanze nao. Nilipinga (mafaili yangu ya leo yanaonyesha kuwa tabia hiyo haijaniisha). Mganda, ambao Malawi huitwa pia malipenga, umeiga gwaride na tarumbeta za askari, na ulienea pwani za ziwa baada ya vita. Ukaingia mwishoni: vijana waliorudi wakipiga vibuyu na kuzikanyaga hatua za gwaride kwa furaha. Hadi leo sijui ngoma nyingine inayonisumbua namna hiyo.

Baada ya mchezo mzee mmoja alinishika mkono mlangoni, akauliza kama mjomba alinusurika. Mchezo haukusema. Nilimwambia alikimbilia milimani na ng'ombe wake. "Ndaga," akasema, akaenda zake.