KIBLA: ASILI YA NENO NA MAANA ZAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Katika maneno yanayotumika katika elimu ya falaki, hakuna lililo karibu na maisha ya Mwislamu kuliko neno Kibla. Kwa Kibla husimamisha sala zake tano, na kwa Kibla huelekezwa kaburini siku ya kufa kwake. Lakini neno hili hili, likivuka bahari na majangwa, limepata maana zinazopingana: huku ni kaskazini, kule ni kusini. Kwa hiyo yawapasa watu wa Arua na Koboko kulijua kwa asili yake.

Neno hili ni la Kiarabu, na shina lake ni herufi tatu: qaf, ba na lam. Ndugu zake wamo tele katika Kiswahili: kabili, mkabala, kabla, kubali na mustakabali. Maana ya shina hilo ni kuelekea kitu au kukutana nacho uso kwa uso. Basi Kibla ni kile kinachokabiliwa. Si jina la upande mmoja wa dunia. Waislamu wa kwanza walielekea Baitul Makdis, kisha katika mwaka wa 2 wa Hijra wakaamrishwa kuielekea Kaaba, kama ilivyoelezwa katika Suratul Bakara. Upande ulibadilika, neno likabaki lile lile.

Mji wa Makka uko karibu kaskazini kabisa ya Mombasa na Unguja. Kwa sababu hiyo Waswahili wa pwani walilitumia neno kibla kwa maana ya kaskazini, hata katika mambo yasiyo ya ibada. Huko Misri mambo ni kinyume. Nchi ya juu ya Misri, iliyo kusini, huitwa Wajhu Kibli. Na nchini Libya upepo wa joto utokao jangwani kusini huitwa kibli, jina ambalo hata Waitalia walilichukua. Wahausa husema alkibla, na Waindonesia husema kiblat, ilhali wao huelekea magharibi na kaskazini kidogo.

Uislamu uliingia West Nile hasa kwa askari wa Sudan waliotumikia Serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta. Emin Pasha alifanywa gavana wa jimbo hilo mwaka 1878, na vita vya Mahdi vilipokata njia ya kaskazini, akahamia Wadelai ukingoni mwa Nile mwaka 1885. Kiarabu cha kambi za askari kama hao ndicho kilichozaa Kinubi. Mwaka 1914 West Nile ikatiwa katika Uganda, na Kiswahili nacho kikaenea kwa njia ya jeshi na biashara. Hivyo watu wa hapa wamepakana na lugha mbili: Kiarabu cha Misri, ambacho kwacho kibli ni kusini, na Kiswahili cha pwani, ambacho kwacho kibla ni kaskazini. Wala kusini wala kaskazini halisi si Kibla cha Arua. Makka iko kaskazini ikiegemea mashariki, kiasi cha digrii 25 kutoka kaskazini halisi. Na Koboko ni karibu vivyo hivyo.

Asiseme mtu kuwa jambo hili ni dogo. Katika Buganda, zama za Kabaka Mutesa wa Kwanza, vijana Waislamu wa ikulu walikataa kusali katika msikiti wa mfalme. Moja ya sababu zao ilikuwa kwamba msikiti huo haukuelekezwa Makka. Mwaka 1876 waliuawa, na historia hutaja watu wapatao 70 waliochomwa moto Namugongo.

Wanazuoni nao hawakuuacha upande huo kwa kukisia. Waliuita samti ya Kibla, na samti kwa Kiarabu ni njia au upande. Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu cha kupima umbali wa miji, na shabaha yake moja ilikuwa kuijua Kibla ya mji wa Ghazna. Wazungu walipotafsiri vitabu vya Waarabu kwa Kilatini, walilitwaa neno samti pia. Wingi wake, as-sumut, ndio asili ya neno lao azimuth, yaani upande unaopimwa kwenye upeo wa macho. Na samtu r-raas, yaani upande wa kichwa, ndiyo asili ya zenith, mahali pa mbingu palipo juu kabisa ya utosi.

Maneno haya mawili hukutana mara mbili kila mwaka. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana, jua husimama juu ya utosi wa Kaaba. Saa ya Makka na saa ya Uganda ni moja, basi hapana haja ya kuongeza wala kupunguza. Nasiruddin al-Tusi, aliyefariki mwaka 1274, aliieleza njia hii. Katika uwanja wa msikiti husimamishwa mti ulionyooka, na kivuli chake huangukia kusini kikiegemea magharibi. Hapa Arua kivuli hicho huwa kiasi cha theluthi ya urefu wa mti, au zaidi kidogo. Anayesimama kwenye ncha ya kivuli akalitazama shina la mti, uso wake umeelekea Makka.

Wenye kujenga msikiti mpya na waitafute siku hiyo kabla ya kuweka msingi, kwani ukuta ukisha kusimama, ugomvi huwa mgumu kuubomoa kuliko matofali. Wanazuoni wametofautiana: wako wanaotosheka na upande kwa aliye mbali na Makka, na wako wanaotaka Kaaba yenyewe ikusudiwe. Lakini wote wamekubaliana kwamba aliye na uwezo wa kuitafuta Kibla haimfai kuacha. Neno lenyewe lafunza hayo: kukabili ni kugeuza uso kwa kukusudia, wala si kufuata desturi ya mji mwingine.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.