Ute wa Ralstonia na Kinga ya Nyanya: Hoja Dhidi ya Kumnyamazisha Bakteria Kiholela

Wazo la kudhibiti mnyauko bakteria wa nyanya kwa kuvuruga mawasiliano ya kikemikali ya Ralstonia, bakteria anayeusababisha, linavutia, hasa kwa kuwa hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya mche ulioambukizwa. Makala haya yanadai kwamba wazo hilo halifai kwa kila mbegu. Kwa nyanya isiyo na ukinzani, ni faida tupu. Kwa nyanya kinzani, huenda likauzibia mmea sikio.

Aliyeotesha nyanya uani kwake Chumbageni, jijini Tanga, anaweza kuuthibitisha ugonjwa huu bila maabara. Mmea hunyauka ungali kijani. Mchana majani hulala, jioni yakajiinua kidogo, na baada ya siku chache hayainuki tena. Akate shina karibu na ardhi, kisha akining'inize kipande hicho kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Muda si mrefu, uzi mweupe kama tui utateremka kutoka kwenye mkato. Huo ni mkusanyiko wa bakteria na ute wao. Mnyauko wa fuzari, unaoletwa na ukungu, hautoi uzi wa namna hiyo, na kwa vyovyote anayepulizia mmea huo dawa ya ukungu anatupa hela.

Ute huo hautengenezwi wakati wote. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walibainisha kwamba Ralstonia hutoa esta ya asidi ya mafuta inayomjulisha wingi wa wenzake. Wakiwa wachache, esta hutawanyika bure. Wakifikia takriban milioni 10 kwa mililita moja, esta hujikusanya na kuiamsha jeni iitwayo phcA. Hapo bakteria hupunguza kuogelea na kuanza kumwaga ute unaoziba mishipa ya maji.

Upande wa mmea, kinga hutegemea kutambua alama za adui. Mojawapo ya alama mashuhuri ni kipande cha asidi amino 22 cha flagelini, protini ya mkia wa bakteria. Kwa Ralstonia kipande hicho kimebadilika kiasi kwamba nyanya hupitwa nacho. Lakini mwaka 2011 watafiti Milling, Babujee na Allen walionyesha kwamba ute uliosafishwa, bila bakteria hata mmoja, uliamsha jeni za kinga zinazoendeshwa na asidi ya salisiliki katika Hawaii 7996, nyanya kinzani. Katika nyanya isiyo kinzani, ute uleule haukuziamsha jeni hizo kwa kiwango cha maana. Kwa maneno mengine, silaha inayomuua mmoja ndiyo inayomzindua mwenzake.

Sasa tuchukue Ideonella, bakteria wa udongoni ambaye watafiti wa Japani waligundua kuwa ana kimeng'enya cha kuivunja ile esta. Akimzuia Ralstonia asimwage ute, nyanya ya kawaida itaepuka kuzibwa mishipa. Hawaii 7996 je? Itabaki na adui asiyejitangaza.

Nitajibiwa kwamba Ralstonia asiye na phcA hana nguvu ya kuua, hivyo kengele ya nini? Jibu hilo lina uzito, lakini linapima kunyauka peke yake. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria wasio na jeni hiyo hukua haraka zaidi na hujishikiza vyema zaidi kwenye mizizi. Mmea usionyauka huku mizizi imejaa vijidudu ni chanzo cha maambukizi ya msimu ujao, na mkulima hana dalili ya kumwambia aung'oe.

Pwani ya Tanga ina lake zaidi. Ukinzani wa nyanya dhidi ya mnyauko huu hudhoofika joto likizidi, kwa hiyo matokeo ya majaribio ya Tengeru, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, au ya milima ya Lushoto yasihamishiwe usawa wa bahari kwa kukisia tu. Jaribio lenye maana lingekuwa na vitalu vinne udongoni Tanga: nyanya kinzani na isiyo kinzani, kila moja ikiwa na kivunja-ishara na bila hicho. Na kabla ya kuhesabu mimea iliyonyauka, ihesabiwe kwanza idadi ya bakteria kwenye mizizi ya ile inayoonekana mizima.