Tarehe ya Tykocin, Mji wa Kando ya Mto Narew

Tykocin, mji unaotamkwa Tikochin, uko ukingoni mwa mto Narew katika eneo la Podlasie, kaskazini-mashariki mwa Poland, kilomita zipatazo 30 magharibi ya jiji la Białystok. Watu wake ni kama 2,000 tu. Hauna stesheni ya reli, hauna kiwanda cha maana, na barabara kuu itokayo Warszawa kwenda Białystok inaupita kwa mbali upande wa kusini. Nyumba nyingi ni za mbao, fupi, zimejipanga kandokando ya njia zilizotandikwa mawe. Anayeuona leo hawezi kukisia kwamba hapa palikuwa na ngome ya mfalme, ghala la silaha la dola, na jumuiya ya Kiyahudi iliyokuwa na amri hata juu ya Wayahudi wa Białystok. Utulivu huu mji haukuzaliwa nao. Uliletwa hatua kwa hatua, na matukio yaliyouleta yanajulikana tarehe zake.

Mwanzo wa mji ni mto. Katika karne za kati watawala wa Mazowsze, upande wa magharibi, na wale wa Lithuania, upande wa mashariki, waligombea bonde la Narew, na kivuko cha Tykocin kikawa mahali pa kulindwa. Mwaka 1425 Janusz I, mtawala wa Mazowsze, aliupa mji hadhi rasmi kwa sheria ya Chełmno, yaani haki ya kuwa na soko, baraza na mahakama yake. Muda si mrefu eneo likaangukia mikononi mwa Lithuania, na mji ukawa mali ya ukoo wa Gasztołd, mojawapo ya koo tajiri za nchi hiyo. Nafaka na magogo yaliteremshwa mtoni hadi Wisła na kisha bandari ya Gdańsk; chumvi na bidhaa za ng'ambo zikapandishwa kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1522 Olbracht Gasztołd aliwaalika Wayahudi kutoka mji wa Grodno, familia kumi kwa mujibu wa masimulizi ya mji. Aliwapa mahali pa kujenga upande wa magharibi, haki ya kufanya biashara, na ardhi ya sinagogi na makaburi. Makabaila wengine wa zama hizo walifanya vivyo hivyo: walihitaji watu wanaoijua biashara na wanaolipa kodi kwa wakati. Uamuzi huo ndio uliokuja kuupa mji sura yake kwa zaidi ya miaka 400.

Mwana wa Olbracht, Stanisław, alifariki mwaka 1542 bila mtoto, na mali ya ukoo ikarudi kwa mfalme wa Poland, aliyetawala Lithuania pia. Mjane wake alikuwa Barbara Radziwiłł, yule yule ambaye mwana wa mfalme, Zygmunt August, alikuja kumwoa kwa siri na kuzua fitina kubwa miongoni mwa wakuu wa nchi. Kwa hiyo Zygmunt August alipata mji na mke kutoka kwa marehemu mmoja.

Mji aliupenda. Ng'ambo ya mto alijenga ngome ya matofali yenye minara, akaigeuza kuwa ghala kuu la silaha na hazina. Huko aliweka sehemu ya mali yake ya thamani, pamoja na maktaba yake ya maelfu ya vitabu. Alipofariki Knyszyn, si mbali na hapo, mwezi Julai 1572, maiti yake ililetwa kwenye ngome ya Tykocin na kukaa huko miezi mingi, maana alikuwa wa mwisho wa ukoo wa Jagiellon na dola la Poland na Lithuania lilikuwa linahangaika kumtafuta mfalme mpya. Alizikwa Kraków mwezi Februari 1574.

Karne ya 17 ilianza kwa jambo jema. Krzysztof Wiesiołowski, mmoja wa wakuu wa dola, alitoa mali yake ili ijengwe nyumba ya kuwatunza askari wazee na waliolemaa vitani. Jengo hilo, liitwalo Alumnat, bado limesimama, na ni miongoni mwa nyumba za kale zaidi za aina yake barani Ulaya. Kisha zikaja vita vya Sweden, ambavyo Wapoland huviita Gharika. Janusz Radziwiłł, mkuu wa Kilithuania aliyejiunga na Waswidi, alifia ndani ya ngome ya Tykocin tarehe 31 Desemba 1655 huku amezingirwa. Mwezi Januari 1657 majeshi ya dola yaliiteka ngome, na sehemu yake ikaripuliwa kwa baruti. Mji ukapewa Stefan Czarniecki, jemadari aliyewashinda Waswidi, kuwa shukrani kwa kazi yake. Ngome haikupata tena fahari yake ya awali. Hata hivyo, tarehe 1 Novemba 1705 mfalme August II alianzisha hapa Tykocin nishani ya Tai Mweupe, ambayo mpaka leo ndiyo nishani ya juu kabisa ya Poland.

Kupitia binti wa Czarniecki, mji ulifika kwa ukoo wa Branicki. Jan Klemens Branicki, jemadari mkuu wa jeshi la dola aliyekuwa na kasri lake Białystok, aliupanga upya katikati ya karne ya 18, na mpango wake ndio mgeni anaouona leo. Upande wa mashariki wa uwanja aliweka kanisa la Utatu Mtakatifu, lenye minara miwili, lililojengwa miaka ya 1740 kwa mtindo wa Baroki. Mbele ya kanisa alisimamisha sanamu ya Czarniecki, babu wa baba yake, kazi ya mchongaji Mfaransa Pierre Coudray iliyokamilika mwaka 1763. Ni miongoni mwa sanamu za kale zaidi nchini Poland zisizo za kidini. Jemadari amesimama juu ya nguzo ndefu na rungu la cheo mkononi, na uwanja wote uko chini yake. Ni uwanja mpana mno kwa mji wa watu 2,000, kama kanzu ya baba iliyovaliwa na mtoto.

Ukitoka uwanjani kuelekea magharibi, njia inafika mtaa wa Wayahudi, ambao wenyeji huuita Kaczorowo. Hapo ndipo palipo na jengo lenye uzito kuliko yote ya Tykocin: Sinagogi Kuu, lililojengwa mwaka 1642. Kwa nje ni sanduku nene la matofali lililopakwa chokaa, lenye madirisha ya juu na paa zito. Ndani ni habari nyingine. Katikati ya ukumbi kuna jukwaa la kusomea Torati, limezungukwa na nguzo nne nene zinazopanda hadi darini na kubeba uzito wa paa, mithili ya mnara uliojengwa ndani ya nyumba. Ukuta wa mashariki una hifadhi ya vitabu vya Torati yenye mapambo. Kuta nyingine zimeandikwa sala za Kiebrania na Kiaramu, kila moja ndani ya fremu yake iliyochorwa, kwa herufi kubwa ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa amesimama mbali. Zilikuwa pambo, na papo hapo zilikuwa msaada kwa asiyemudu kununua kitabu cha sala, kwa kuwa katika karne ya 17 vitabu vilikuwa ghali. Miongoni mwa masinagogi ya kale yaliyobaki Poland, ni machache sana yanayolingana na hili.

Ukubwa wa sinagogi unaeleza ukubwa wa jumuiya. Katika karne ya 17 na ya 18 baraza la Wayahudi la Tykocin liliongoza jumuiya nyingi za Podlasie. Lilikusanya kodi zao na kuhukumu kesi zao, na liligombana na jumuiya ya Grodno juu ya mipaka ya mamlaka. Białystok, wakati huo mji mdogo wa kabaila, ilikuwa chini yake.

Mizani ilibadilika baada ya Poland kugawanywa. Mwaka 1795 Tykocin ilichukuliwa na Prusia. Baada ya vita vya Napoleon, mwaka 1815, ikawekwa ndani ya Ufalme wa Poland uliokuwa chini ya mfalme wa Urusi, huku Białystok ikiwa ndani ya Urusi yenyewe. Mto Narew, uliokuwa njia ya biashara, ukawa mpaka wenye forodha. Baada ya uasi wa Wapoland wa 1830 na 1831, Urusi ilipandisha ushuru wa bidhaa zilizotoka katika ufalme huo, na wenye viwanda vya nguo wakahamia upande wa pili ili walifikie soko la Urusi bila kutozwa. Białystok ikajaa viwanda. Tykocin, iliyokuwa upande usiofaa wa mto, haikupata kitu. Pigo la pili lilikuwa reli ya Petersburg hadi Warszawa, iliyofunguliwa mwaka 1862: ilipita Białystok na Łapy, si Tykocin. Vijana wakaondoka, wengine hata kabla ya reli. Mmoja wao alikuwa Markus Zamenhof, mwalimu aliyezaliwa Tykocin mwaka 1837 na kuhamia Białystok, ambako mwanawe Ludwik, aliyekuja kuunda lugha ya Esperanto, alizaliwa mwaka 1859. Kufika Vita Kuu ya Kwanza, Tykocin ulikuwa mji wa maduka madogo na mafundi, wenye soko la wakulima. Wakatoliki na Wayahudi waliishi jirani, kila upande ukiwa na kalenda yake.

Septemba 1939 Ujerumani na Umoja wa Kisovieti ziligawana Poland, na Tykocin ikawa upande wa Wasovieti. Maelfu ya familia za Kipoland kutoka mikoa hiyo ya mashariki walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia na Asia ya Kati. Baadhi ya waliohamishwa kutoka mashariki ya Poland walipata njia ya kutoka mwaka 1942 kupitia Iran, wakafika hadi Afrika Mashariki, katika kambi za Tengeru karibu na Arusha, na Masindi na Koja nchini Uganda. Makaburi yao ya Tengeru bado yanatunzwa.

Wajerumani waliingia Tykocin mwezi Juni 1941. Tarehe 25 Agosti Wayahudi waliamriwa kukusanyika asubuhi uwanjani, pale pale chini ya sanamu ya Czarniecki. Wanaume waliondolewa kwa miguu. Wanawake, watoto na wazee wakapakiwa kwenye malori. Wote walipelekwa msitu wa Łopuchowo, magharibi ya mji, ambako mashimo yalikuwa yameshachimbwa, wakapigwa risasi na kikosi cha SS. Wazee na wagonjwa waliobaki waliuawa siku iliyofuata. Makadirio ya waliouawa yanatofautiana, mengi yakiwa karibu na watu 2,000. Wachache waliotoroka walikimbilia geto la Białystok, na wengi wao hawakunusurika huko pia. Nusu ya mji, iliyokuwa na umri wa miaka 419, ilikwisha kwa siku mbili. Mwezi Mei 1944 Wajerumani waliwageukia Wapoland wa Tykocin nao, wakawapeleka mamia yao kwenye kambi za mateso.

Baada ya vita palibaki mji wenye nyumba tupu na sinagogi lililoporwa, lililotumika kwa muda kuwa ghala la mbolea. Mwaka 1950 serikali iliiondolea Tykocin hadhi ya mji, ikahesabiwa kuwa kijiji; ilirudishiwa hadhi hiyo mwaka 1993. Umaskini huo ulikuwa na faida moja isiyokusudiwa: hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa nyumba za zamani na kujenga majumba ya saruji, kwa hiyo mpango wa Branicki ulisalimika. Sinagogi lilikarabatiwa miaka ya 1970 na kufanywa makumbusho, na michoro ya kutani ikafufuliwa kwa uangalifu. Mapema katika karne hii mtu binafsi alianza kuijenga upya ngome juu ya misingi yake, na sasa ina hoteli na vyumba vya maonyesho. Ni ujenzi mpya, na haifai kuuchukua kuwa ushahidi wa jinsi Zygmunt August alivyoiacha.

Mapato ya mji leo yanatokana kwa sehemu na wageni. Watalii wa Kipoland huja mwisho wa juma kuzunguka uwanja, kula viazi vilivyokunwa na kuokwa, au madonge ya viazi yaliyojazwa nyama, kisha kurudi makwao jioni. Makundi ya vijana kutoka Israeli huja kwa mabasi, huingia sinagogi, kisha huelekea Łopuchowo.

Wako pia wageni wenye mabawa. Kilomita chache kutoka mjini, katika shamba la Pentowo, korongo weupe hujenga viota vikubwa vya vijiti juu ya miti na mapaa, na tangu mwaka 2001 mahali hapo panatambuliwa kuwa Kijiji cha Korongo cha Ulaya. Malisho yenye maji ya bonde la Narew huwapa vyura na wadudu wa kutosha kulea vifaranga. Majira ya joto yakielekea kwisha huondoka kwa kupitia Bosphorus, Sinai na bonde la Nile, na miezi ya Novemba hadi Machi wengi wao huwa kwenye mbuga na mashamba ya Afrika Mashariki na Kusini, wakila nzige na viwavijeshi.

Tykocin hufikiwa kwa basi au gari kutoka Białystok katika muda usiozidi saa moja, na siku moja inatosha kuuzunguka kwa miguu. Anayetaka kuwaona korongo afike kati ya Aprili na katikati ya Agosti. Anayetaka kuuelewa mji aanze na sinagogi, na apange mapema usafiri wa kwenda Łopuchowo, kwa kuwa msitu huo uko nje ya mji na bila kuuona sehemu kubwa ya tarehe hii itampita.