Riwaya za Mizimu, Kilwa ya Kale na Bibi Yetu Aliyechukuliwa na Jini



Mwaka nilioolewa niliwekwa ndani wiki mbili kabla ya harusi. Liwa usoni, msio mwilini, udi jioni, na simu yangu ikafungiwa kabatini na somo wangu, mwanamke asiye na mchezo. Siku ya nne nikaanza kulia kwa upweke. Akatoka, akarudi na kitabu kisicho na jalada, kimezungushiwa mfuko wa plastiki. "Soma hiki," akasema, "lakini usiku usikiguse." Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Bila shaka nilikisoma usiku huohuo, kwa kandili, shuka limenifika puani.

Nayakumbuka haya kwa sababu mabibi harusi huniuliza kama inafaa kusoma hadithi za mizimu na majini, hasa zile za zamani zinazotisha. Wengine wameambiwa na wakwe kwamba zinaita mambo. Mimi si shekhe na sitoi fatwa. Ninachoweza kueleza ni jinsi riwaya hizo zilivyonifundisha kuisoma historia ya kwetu Kilwa, na baadaye ya nyumba yetu wenyewe.

Mwandishi huyo alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya, kisha akaingia kwenye magazeti, akahariri Zanzibari na baadaye jarida la Mkulima. Hadithi yake ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Mtu ameuawa, na maiti yake imekutwa penye mzimu, pale ambapo watu wa kale walikuwa wakiwekewa sadaka na ambapo hakuna mwenye akili zake anayepita usiku. Kila mtu tayari ana jibu: mzimu umekasirika. Hapo ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum. Bwana Msa habishani na mtu kuhusu mizimu. Anauliza tu. Marehemu alionekana wapi mara ya mwisho? Nani alikuwa na ugomvi naye? Mali yake inakwenda kwa nani? Mwisho wake sisemi, kitafuteni.

Kwa miaka mingi nilidhani mtindo huu ni wa Waingereza peke yao, kwa sababu Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes, na Holmes naye alipambana na mbwa wa kutisha wa ukoo wa Baskerville katika riwaya ya mwaka 1902. Kumbe Shaaban Robert alitangulia kutuonyesha jambo linalokaribiana na hilo katika Adili na Nduguze, mwaka 1952. Mle majini wamejaa: wanaruka, wanageuza watu nyani. Lakini nani anamtupa Adili baharini? Ndugu zake wa tumbo moja. Na nani anamwokoa? Jini. Nilipokisoma shuleni nilimwogopa jini, nikawasahau ndugu.

Yuko pia Jane Austen, mwanamke wa Kiingereza, ambaye riwaya yake Northanger Abbey ilitoka mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya yeye kufariki. Msichana wa miaka kumi na saba, Catherine, amekunywa riwaya za kutisha mpaka zimempanda kichwani. Anaalikwa kwenye nyumba kubwa ya kale, nyumba ya kijana anayempenda, na humo anaanza kuona siri katika kila kabati. Anamshuku baba wa kijana kuwa alimuua mkewe. Anaaibika, kwa sababu hakuna aliyeuawa. Lakini mzee huyohuyo, akisikia kwamba binti hana utajiri aliomdhania, anamfukuza nyumbani kwake asubuhi, peke yake, safari ndefu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Catherine hakukosea kumwogopa yule mzee. Alikosea kuhusu kilichomo ndani yake: haikuwa damu, ilikuwa tamaa ya mahari na mirathi.

Kabla hamjaniandikia: ndiyo, majini wapo, Qur'ani imewataja na wana sura yao. Lakini katika Surat Sabai kuna kisa ambacho kwa msomaji wa riwaya za siri hakina mfano. Nabii Sulaiman, alayhi salaam, amefariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wanaendelea na kazi ngumu aliyowapa, hawajui. Mpaka mdudu wa ardhini akaila fimbo, mwili ukaanguka, ndipo ikawabainikia. Kama wangeijua ghaibu wasingebaki katika adhabu ile. Basi sisi tunaowapa majini ujuzi wa kila kitu, na lawama ya kila kitu, tumeutoa wapi?

Sasa twendeni Kisiwani.

Nimekulia Kilwa Masoko, na ng'ambo ya maji tuliona magofu: msikiti mkuu, Gereza, na mbali zaidi upande wa mashariki Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lenye bwawa la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Sisi watoto hatukuambiwa habari za Ibn Battuta. Tuliambiwa tusiende huko magharibi ikiingia, yuko mwenye magofu.

Hadithi ya jinsi kisiwa kilivyopatikana wengi mnaijua. Mgeni kutoka Shirazi alikinunua kwa nguo. Tarekhe ya Kilwa ya Kiarabu, ya karne ya 16, inasimulia kwamba nguo zilikizunguka kisiwa, na mfalme wa mwanzo akahamia bara. Lakini alikusudia kurudi na kumuua mnunuzi, kwa kuwa maji yakipwa palikuwa na njia ya kuvuka kwa miguu. Wenye kisiwa wapya wakaichimba ile njia, bahari ikaingia. Siku mfalme aliporudi alisimama ufukweni kungoja maji yapwe kama siku zote. Hayakupwa. Akakata tamaa, akageuka.

Hebu fikirini mzee amesimama kwenye mchanga, anaitazama nchi aliyoiuza, na bahari aliyoizoea tangu utoto haimtii. Hakuna riwaya ya kutisha iliyowahi kunipa baridi kama hiyo.

Simulizi ya wenyeji, iliyoandikwa baadaye, inasema mambo zaidi. Mfalme anaitwa Mrimba, na sultani aliisoma Qur'ani na kutoa sadaka ili maji yasipwe. Na ndani yake yumo mwanamke. Sultani alikuwa amemwoa binti wa Mrimba, na ni kupitia kwa mkewe ndipo alipompelekea mkwewe ujumbe: haifai mimi na wewe kukaa mahali pamoja, ni bora uhamie bara. Mrimba akakubali, kwa sharti atandikiwe nguo apite juu yake mpaka ng'ambo.

Mara ya kwanza niliyoisoma hii nilikuwa nimeshaolewa, na nilisoma kama Bwana Msa. Niliuliza: nani aliyebeba maneno hayo kutoka chumbani mpaka barazani kwa baba yake? Bibi harusi. Mumewe amemtuma amtoe baba yake nchini, baba ametoka akikanyaga vitambaa vya mahari, halafu bahari imefungwa nyuma yake. Usiku ule binti alilala nyumba gani, akisikiliza maji? Wenye kusimulia wanastaajabia maji. Mimi namstaajabia yeye. Alizaa mtoto wa kiume, na mtoto huyo alipokua alikwenda bara kwa babu yake, na babu akamkabidhi utawala. Kwa hiyo nchi ya bara haikupatikana kwa muujiza wala kwa nguo. Ilipatikana kwa tumbo la mwanamke, na hilo ndilo simulizi inalolipita haraka.

Na bahari, je, ilifungwa kweli? João dos Santos, padri wa Kireno ambaye kitabu chake kilichapwa mwaka 1609, ameeleza habari za Wazimba waliofika Kilwa mwaka 1587. Walikaa upande wa bara wasiweze kuvuka. Usiku mmoja mtu wa Kilwa mwenyewe akawaendea, akawaonyesha pa kupita maji yakipwa, kwa sharti wamwachie jamaa zake na wamgawie nyara. Wakavuka. Padri anasema watu elfu tatu waliuawa na kuliwa. Idadi hiyo na habari ya kula watu nazipokea kwa tahadhari, maana Wareno walipenda kuandika hivyo kuhusu Waafrika. Lakini mwisho wa msaliti anausimulia kwa makini: mkuu wa Wazimba aliamuru afungwe mikono na miguu, yeye na jamaa zake wote, watoswe baharini. Aliyewauza watu wake hakustahili kuishi.

Kwa hiyo njia ilikuwapo. Miaka yote ambayo watu walisimulia kwamba bahari imefungwa, alikuwapo anayejua mahali pa kukanyaga. Kisiwa hakikuponzwa na jini wala zimwi, kiliponzwa na jirani aliyefanya hesabu zake usiku.

Huko Kivinje kuna Mwembe Kinyonga, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga watu, Hassan bin Omari Makunganya akiwa miongoni mwao, mwaka 1895. Watu walipahofia pale, na mimi nilipopelekwa mara ya kwanza nilisoma Ayatul Kursiy njia nzima. Lakini mti haukumnyonga mtu. Miaka kumi baadaye, Vita vya Majimaji vilipoanza katika milima ya Umatumbi, wakubwa wa Kijerumani walipenda kueleza kwamba chanzo ni uchawi wa Kinjikitile wa Ngarambe, aliyesemekana kuzama majini na kutoka mkavu. Maelezo hayo yaliwafaa. Ukisema uchawi, hulazimiki kutaja mashamba ya pamba ambako watu walilazimishwa kufanya kazi. Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani yetu hii ya kusini, aliligeuza jambo hilo kuwa tamthilia, Kinjeketile, mwaka 1969, nayo hata leo ukiisoma peke yako usiku inasisimua mwili.

Nimefika kwenye nyumba yetu.

Mama yangu alikuwa na mama mdogo, ndugu wa bibi yangu kwa baba na mama. Sisi tulimwita Bibi Mdogo bila kumwona, kwa sababu alitoweka kabla hatujazaliwa. Habari tuliyopewa ni moja: alikwenda Kisiwani kuokota kuni, magharibi ikamkuta magofuni, jini akampenda, akamchukua. Ndiyo maana wasichana wa ukoo wetu hawatoki jua likizama. Mimi nimechapwa kwa ajili ya Bibi Mdogo. Nimesomewa dua kwa ajili yake.

Baada ya kumaliza kile kitabu cha somo wangu, siku mbili kabla ya harusi, bibi yangu alikuja kunitia hina. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamuuliza kama Bwana Msa: Bibi Mdogo alipotea mwaka gani? Akasema ni mwaka aliofariki baba yao. Kabla au baada? Baada, eda ya mama yao haijaisha. Alikuwa ameolewa? Bado, alikuwa amechumbiwa. Baba yao aliacha nini? Minazi, akasema, na nyumba ya mawe. Nani alichukua minazi?

Bibi aliendelea kuchora. Ua likafika kwenye kiganja, akalimaliza, akapuliza. Kisha akasema kaka zao walichukua yote. Bibi yangu alinyamaza, alikuwa na watoto na mume asiyetaka maneno. Mdogo wake hakunyamaza. Alikwenda kwa kadhi kutaka fungu lake, fungu ambalo Mwenyezi Mungu amelitaja katika Surat An-Nisaa kwa binti kama alivyolitaja kwa mwana. Nyumbani akaambiwa amewavua nguo kaka zake hadharani, na uchumba ukavunjwa. Wiki iliyofuata alipanda jahazi la Unguja.

"Na jini?" nikauliza.

"Jini gani anayechukua na hati za minazi?" akasema bibi. "Hati zilibaki hapa, kwenye sanduku la kaka."

Nilikaa na mikono imelowa hina, siwezi hata kufuta machozi. Nikamuuliza kwa nini alituachia sisi hadithi ile miaka yote. Akaniambia haikuwa yake, aliikuta imeshatungwa aliporudi kutoka kwenye matanga, na kila aliyeisikia aliiona nzuri. Kaka hawakulaumiwa. Mama yao hakuulizwa mitaani binti yuko wapi. Hata yeye, alisema, ilimsaidia, kwa sababu mtu akichukuliwa na jini huna haja ya kumfuata.

Bibi alifariki miaka mitatu baadaye, Allah amrehemu. Mwaka jana mama alipata habari za mjukuu wa Bibi Mdogo, anaishi Ng'ambo, Unguja, ana duka la vitambaa. Wamezungumza kwa simu mara mbili. Yeye alikuwa amekuzwa na hadithi nyingine kabisa: kwamba bibi yake hakuwa na ndugu, wote walikufa maji Kilwa.

Minazi ipo. Mama amesema atalizungumza mbele ya wajomba baada ya Idi, na ameniomba nikae karibu naye.