Unguja Bila Waunguja: Riwaya ya M. M. Kaye na Msomaji wa Dutwa

Mwaka 1959 mwandishi Mwingereza M. M. Kaye alichapisha riwaya ya upelelezi iliyoitwa The House of Shade. Ilipotolewa upya mwaka 1983 iliitwa Death in Zanzibar: jina la nyumba likaondoka jaladani, la kisiwa likaingia. Makala haya yanadai kwamba jina hilo linaahidi kisichomo kitabuni, na kwamba msomaji wa Dutwa, Bariadi, asiye na kumbukumbu za likizo za kujazia mapengo ya mwandishi, huigundua kasoro hiyo upesi.

Msichana Dany Ashton anakwenda Unguja kwa baba yake wa kambo, mwandishi Tyson Frost. Kabla hajaondoka Uingereza, wakili aliyempa barua anauawa. Pasipoti inaibwa, naye anasafiri kwa jina la mtu mwingine. Mwanzo huo una kasi na unastahili sifa. Tukishafika kisiwani, upelelezi unajifungia ndani ya nyumba. Washukiwa karibu wote ni wageni wa Frost. Wenyeji wapo, ila neno lao halina uzito katika kulifumbua fumbo. Hilo ni kosa la kiufundi kabla hata halijawa la kisiasa. Katika nyumba kubwa, nani ajuaye mlango uliofunguliwa usiku kuliko mtumishi? Mwandishi anayempuuza shahidi huyo amejinyima ushahidi bora kuliko wote.

Mtetezi wa Kaye atasema kwamba kiini cha kisa ni dhahabu iliyofichwa Unguja tangu karne ya 19, hivyo kisa kisingeweza kutokea kwingine. Hoja hiyo haitoshi. Historia hiyo inabaki mali ya ukoo wa Frost. Waunguja hawana dai wala kumbukumbu inayoweza kugeuza mkondo wa kesi.

Miaka hiyohiyo Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni. Ili kumpata muuaji, mpelelezi Bwana Msa hana budi kupenya siri za ukoo na kutenganisha hofu ya mzimu na tendo la binadamu. Abdulla naye alikopa: kiko cha Bwana Msa na rafiki yake Najum vinatoka kwa Sherlock Holmes. Umbo la kigeni, basi, silo lililomwangusha Kaye.

Dutwa iko kwenye barabara ya Bariadi kwenda Lamadi, jirani na Serengeti, na wakazi wake wanajua inavyokuwa nchi yako kutazamwa na wapita njia. Atakayeandika kifo ndani ya hoteli ya mbugani atasomwa hapa kwa swali moja: mlinzi wa zamu, dereva na mchungaji aliyepita na ng'ombe alfajiri walisema nini, na je, walisikilizwa?