Kisa cha Mafuta ya Transfoma

Msomaji, bila shaka umekwisha kuliona lile pipa la chuma lililowekwa juu ya nguzo za umeme, ambalo huvuma usiku na mchana. Hiyo ndiyo transfoma. Kazi yake ni kupunguza umeme mkali wa njia kuu hata ufae kuwasha taa ya nyumbani. Ndani yake mna nyaya zilizozungushwa juu ya chuma, na zote zimezama katika mafuta. Kwa nini mafuta?

Umeme upitapo katika nyaya huzaa joto, na joto likizidi nyaya huungua. Transfoma za kwanza zilipozwa kwa hewa tu. Lakini hewa huchukua joto kidogo, wala haiuzuii vema umeme mkali usiruke. Mwaka 1891 palikuwa na maonyesho makubwa ya umeme mjini Frankfurt, Ujerumani. Wahandisi waliazimia kuleta umeme wa nguvu za maji kutoka Lauffen, mwendo wa kilomita 175, kwa volti 15,000. Wengi hawakuamini. Mhandisi Charles Brown alizamisha transfoma zake katika mafuta, na taa zipatazo 1,000 zikawaka Frankfurt.

Tazama maji katika sufuria iliyo motoni. Ya chini hupata moto, huwa mepesi, hupanda. Ya juu yaliyo baridi hushuka. Ndivyo yafanyavyo mafuta hayo. Hupanda na joto la nyaya, hupoa kwenye kuta za pipa zipigwazo na upepo, kisha hushuka tena. Hayahitaji pampu wala mtu wa kuyasukuma.

Lakini mafuta hushika moto. Kwa hiyo, tangu mwaka 1929, viwanda viliuza kemikali isiyowaka upesi, iitwayo PCB. Kumbe ni sumu! Huko Japani, mwaka 1968, iliingia katika mafuta ya kupikia, na watu wengi wakaugua. Mwaka 2001 mataifa yalipatana mjini Stockholm kuikomesha, lakini transfoma kuukuu huweza kuwa nayo hata leo.

Hapa Kenya wezi wamekuwa wakiyakamua mafuta ya transfoma, na mengine yameuzwa kwa wakaanga chakula. Transfoma iliyokaushwa huungua, na zahanati hubaki gizani. Naye mlaji hajui alichokula. Basi umwonapo mtu akilifungua pipa lile usiku, usinyamaze.