Lugha ya Mapatano: Kiswahili cha Goma na Mawakala wa Kompyuta

Mnamo mwaka 1999 mtaalamu wa Ubelgiji, Luc Steels, alianzisha jaribio ambalo wanaisimu wa Kiswahili wangefaa kulizingatia. Programu za kompyuta, yaani mawakala wasio na msamiati wowote, ziliingizwa katika roboti zenye kamera zilizotazama ubao wenye maumbo ya rangi mbalimbali. Wakala mmoja huchagua umbo na kulibunia jina; mwenziwe hukisia ni lipi linalokusudiwa. Akipatia, jina hilo huimarika kwa wote wawili; akikosea, huoneshwa umbo lenyewe, naye hujifunza. Baada ya makutano mengi, kundi zima huwa na msamiati unaoeleweka, ingawa hakuna aliyeuamuru.

Goma inao mfano mkongwe kuliko huo. Kiswahili kilienea mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Wangwana wa Kasongo na Nyangwe, zama za Tippu Tip. Ndiyo asili ya jina Kingwana. Katika mji wa Goma, uliokua kando ya Ziwa Kivu enzi ya Wabelgiji, wasemaji wa Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Kihavu na Kishi walikutana sokoni, kila mmoja na lugha ya kwao. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulikia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, Kongo haikuwamo. Hivyo "batu" ikasimama badala ya "watu", na "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", kwa kuwa msikilizaji alielewa na bei ikakubaliwa. Kuyaita hayo makosa ni kusahau yalivyopatikana.

Mwaka 2017 watafiti wa Facebook walifundisha programu kupatana juu ya kugawana vitabu, kofia na mipira. Pale ambapo hazikutuzwa kwa kufuata Kiingereza cha watu, zilikipotosha zikaendelea kupatana. Magazeti yalishtuka, mchuuzi wa Goma asingeshtuka.

Hata hivyo ulinganisho huu una kasoro kubwa. Mawakala wa Steels walikutana sawa kwa sawa, wakibadilishana zamu ya kusema na kusikiliza. Goma haikuwa hivyo. Wangwana walikuja na bunduki na biashara ya watumwa; mmisionari alikuwa na shule; askari wa Mobutu aliamrisha kwa Kilingala, na raia alilazimika kumwelewa upesi. Roboti isiyeelewa hupunguziwa alama tu. Mtu aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani hujifunza neno kwa gharama nyingine, naye hana zamu ya kubuni lake.

Tarehe 17 Mei 1997 wapiganaji wa AFDL, waliokuwa wameanzia mashariki mwaka 1996 wakiongozwa na Laurent-Désiré Kabila, waliingia Kinshasa. Wakazi wengi wa huko walikisikia Kiswahili kama lugha ya mwenye silaha. Huko Goma lugha hiyohiyo iliendelea kuuzia maharagwe.